Wembe wa Mama Mjini Bruseli

Kwetu Uvira wapo watu waliokaa Ulaya wiki mbili wakarudi wamesahau namna ya kumega ugali. Wanaomba uma. Wanasema "kule Bulaya" hata pale mazungumzo yanapohusu mvua. Mimi nilikaa Bruseli tangu mchana wa siku moja hadi asubuhi ya siku ya pili, na kwa kuwa wengi wa rika langu hawakufika hata Bukavu, bado naulizwa niliona nini. Nawajibu kwamba niliona mji usio na mahali pa kumkalisha mtu chini. Wanacheka wakidhani nawatania, halafu wanauliza habari za majumba.

Majumba yapo. Tuyaache huko huko yaliko.

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru. Nilikuwa msaidizi wa wakunga katika lopitali yetu, na masista waliniteua niende Uswisi kwa miezi minne nikajifunze kuwatunza watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Tiketi ya kurudi ilikuwa na mapumziko Bruseli: kufika mchana, kulala katika hoteli iliyolipiwa na kampuni ya ndege, na kesho yake asubuhi kupanda ndege ya Usumbura, ng'ambo ya ziwa letu. Karani aliyenikatia tiketi aliniomba radhi kwa ule usiku mmoja utakaopotea. Nilipomweleza mama, alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. Bruseli ndiko alikokuwa yaya wangu.

Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike. Huyu wangu alikuwa wa kiume, kifungua mimba, na alipelekwa kusoma sheria uhuru ulipoingia, wakati ule ambapo kila kijana aliyeweza kuandika barua ya Kifaransa bila makosa alihesabiwa kuwa waziri wa kesho. Baba yetu alivua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa taa miaka yote ili mtoto huyo asiguse wavu. Na kweli hakuugusa. Siku ya kumsindikiza, baba alivaa koti la kuazima, akasimama wima pembeni mwake mbele ya mpiga picha, na picha ile ilining'inia ukutani kwetu juu ya picha ya Bikira Maria. Miezi miwili kabla ya safari yangu, baba alikufa kwa homa ya siku tatu, mikononi mwangu mimi niliyevaa nguo nyeupe za lopitali.

Katika ukoo wetu mtoto haandikiwi kifo cha mzazi wake. Barua, mama alisema, ni ya kuomba kazi au kuomba mchumba. Kifo kinasemwa kwa mdomo wa mtu wa damu, na anayeambiwa lazima kwanza ale chakula cha nyumbani, kisha akae chini kabisa, si kwenye kiti, ndipo asikie. Aliyeambiwa akiwa amesimama anahesabiwa kuwa hajaambiwa. Akishasikia ananyolewa hapo hapo, na kama yuko mbali, nywele zake zinafungwa katika kitambaa na kuletwa nyumbani, zichanganywe na za ndugu zake na kutupwa ziwani. Kifungua mimba ndiye anayeanza. Asiponyolewa yeye hanyolewi mtu mwingine, na matanga hayaondolewi.

Kwa hiyo mama alikuwa akingoja. Alilala kwenye mkeka chumba cha mbele, katika nguo nyeusi ile ile, nywele zikimea ovyo, haruhusiwi kwenda sokoni, haruhusiwi kugusa jembe, hata mkono hapewi. Mwanamke ambaye wachuuzi wa Kavimvira walikuwa wakimwogopa kwa jinsi alivyojua kukataa bei, sasa alikaa ndani akipelekewa chakula kama mgonjwa. Siku ya kuondoka alinipa vitu viwili: wembe mpya katika karatasi yake, umefungwa ndani ya kitambaa cheupe, na kifuko cha ndagala kavu.

"Ale kwanza," alisema. "Halafu akae chini. Halafu ndiyo useme. Na usinirudilie bila nywele zake."

Zile ndagala zilikaa chini ya kitanda changu Uswisi kwa miezi minne. Wasichana wa bweni walilalamika juu ya harufu, nikawaambia ni dawa ya kikohozi, wakaniacha. Watu wale wanaweza kuvumilia lolote ukiliita dawa. Mwezi wangu wa tatu kule redio ikaanza kutaja vijiji vya kwetu, Bwegera, Katogota, ikivitamka vibaya. Waasi walikuwa wameenea kwenye uwanda wa Ruzizi, kisha ikasemwa wameingia Uvira yenyewe, na wakubwa wetu wapya, wale waliokuwa wakipita na magari wakitupaka vumbi, wamekimbilia ng'ambo hata bila kufunga milango ya biro zao. Wenyeji wangu walinishauri ningoje mambo yatulie. Nikasema mama yangu yuko kwenye mkeka. Hawakuelewa, na mimi sikuwa na nguvu ya kueleza.

Yaya alikuja kunipokea uwanja wa ndege wa Bruseli. Nilimtambua kwa masikio, maana yalikuwa ya baba. Vingine vyote vilikuwa vya kununua. Viatu vilichongoka mbele kiasi cha kuweza kutoboa gunia, na nywele alizipaka mafuta zikang'aa, huku upande wa kushoto amechongewa kwa wembe ule mstari ulionyooka ambao makarani wetu walichongwa ili waonekane wamesoma. Mstari wake ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuiona. Sisi wauguzi tunajua kazi ya wembe, na nilipouona nilifikiria mara moja ni dakika ngapi zitanitosha kuufuta.

Alinibusu mashavuni mara tatu, akanisalimu kwa Kifaransa. Nikajibu kwa Kiswahili. Akaendelea na Kifaransa chake, na mimi na Kiswahili changu, mpaka tulipofika kwenye basi ndipo akashuka hadi Kiswahili.

"Mama iko namna gani?" aliuliza.

"Iko tu."

"Muzuri."

Juu ya baba hakuuliza. Nililiona hilo, nikafikiri Ulaya imemfundisha utovu wa adabu, na nikamwongezea dharau kidogo juu ya ile niliyokuwa nayo tayari.

Ndani ya basi alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameandika orodha ya mambo ya kunionyesha, kwa mwandiko ule ule uliowaliza mapadri kwa furaha. "Tuko na mchana moja tu," alisema. "Hatupashwe kupoteza hata dakika. Watu wanakuya huku maisha yao yote hawaone hata nusu." Alinieleza jinsi msafiri mwerevu anavyotumia vizuri saa chache za kungoja ndege: valizi aiache hotelini, avae viatu vyepesi, asikae mahali popote, kwa sababu kukaa ni kupoteza mji.

"Tule kwanza," nikasema. "Mama amekutumia ndagala."

"Baadaye."

Basi tukatembea. Tulianza na uwanja mkubwa wenye nyumba zilizopakwa dhahabu, kila moja imejazwa masanamu mpaka madirishani, kama mtu aliyevaa nguo zake zote kwa siku moja akihofia wezi. Yaya alinisimulia kila nyumba ilijengwa na chama gani cha mafundi, cha waoka mikate, cha wauza nyama, na sauti yake ilitetemeka kwa heshima. Kwetu alikuwa mtu wa kuwapita wauza nyama akiziba pua. Nikamwambia tukae kidogo pale kwenye mawe, watu wengine walikuwa wamekaa. Akasema hao ni watalii.

Kutoka hapo alinipeleka kuona sanamu ya mtoto anayekojoa. Sitii chumvi. Kwenye kona ya barabara kuna mtoto mdogo wa chuma, uchi, anakojoa mchana na usiku, na watu wazima wamejazana mbele yake na kamera, wengine wametoka Marekani. Yaya aliniambia wana desturi ya kumshonea nguo, ana makabati ya nguo. Nilikumbuka masista wa kwao waliokuwa wakituchapa tukiwa wadogo kwa kuoga ziwani bila nguo, wakituita washenzi. Nikacheka mpaka machozi, na mwanamke mmoja mwenye mbwa aliyevaa sweta akanigeukia kwa hasira. Mbwa yule alikuwa amevaa vizuri kuliko watoto niliowazalisha mwaka ule wote.

"Usicheke hivyo," yaya alinong'ona. "Banatuangalia."

Njaa ikanishika. Nikafurahi, maana mtu mwenye njaa hukaa mezani, na kutoka mezani mpaka sakafuni si mbali. Lakini akaninunulia viazi vya kukaanga ndani ya karatasi iliyokunjwa, tukala tukitembea, tukivichoma kwa kijiti kwenye upepo, mafuta yakinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Mji una mabenki ya marumaru, na wenyewe wanakula njiani. Nikamwambia kwa mara ya pili nina ndagala. Akasema hapa mtu hawezi kutembea na harufu hiyo. Nikasema ndiyo maana tukae. Akaangalia saa yake, akasema bustani inafungwa.

Bustanini palikuwa na majani mazuri, mafupi, mabichi, yamepangwa vizuri kabisa kwa ajili ya makalio ya mfiwa. Na juu yake bango: ni marufuku kukanyaga. Nilimwuliza yaya kama ni marufuku pia kukaa. Akasema kwa sauti ya mwanasheria kwamba hauwezi kukaa bila kukanyaga. Palikuwa na benchi, akasema limelowa. Nililigusa kwa kiganja, lilikuwa kavu. Nilitoa kitambaa changu cha kichwa nimtandikie, akawa tayari ameshafika kwenye sanamu ya mfalme fulani juu ya farasi, ananiita nikaisome.

Nilianza kuchoka, na nikichoka sina mdomo mzuri. Kanisani, nikamwambia wazi, "Yaya, piga magoti hapa karibu na nguzo, nina neno." Alipiga alama ya msalaba harakaharaka kama anayefukuza nzi, akasema tuangalie vioo vya rangi kabla jua halijahama. Kwenye mgahawa aliagiza kahawa mbili pale pale kwenye kaunta, tukanywa wima kati ya wanaume waliokunywa bia. Kwenye tramu viti vilikuwa vitupu, mimi nikakaa, yeye akasimama mbele yangu ameshika kamba ya juu, akiyumba kila kona na viatu vyake vilivyochongoka. Niliona tu kijiti cha mtu kilichojaa majivuno, ambacho kinaogopa kukunja suruali. Nilimdharau kwa roho yangu yote, na dharau ile ilinipa nguvu za kutembea, maana miguu ilikuwa imekwisha.

Nilikuwa nikingoja giza. Kwetu saa kumi na mbili jua linazama nyuma ya milima, kila mtu anarudi kwake, anakaa, na yale ya kusemwa yanasemwa. Nilijiambia giza likiingia atachoka na mji wake. Lakini ilikuwa majira ya joto, na jua la kule halina haya. Saa moja lipo. Saa mbili lipo, liko juu ya mapaa, watu wananunua maua. Niliitazama saa ya kanisa mara tatu nikifikiri imekufa. Nilikuwa nimepanga jioni yangu kwa jua la Uvira, na jua la Bruseli likaniacha barabarani na wembe ndani ya mkoba.

Ilibaki hoteli. Nilimwambia nimechoka, anisindikize, na rohoni nilikuwa nimeshapanga: chumbani kuna sakafu, kuna zulia, kuna beseni la maji. Alinifuata. Mwanamke wa mapokezi alinipa ufunguo, kisha akaweka mkono mbele ya yaya. Wanaume hawapandi.

"Ni kaka yangu," nikasema kwa Kifaransa changu cha masista. "Mama mmoja, baba mmoja."

"Nyote mnasema ni kaka," alijibu, bila hata kutuangalia.

Nilimgeukia yaya. Huyu alikuwa mwanasheria, mtu wa maneno, angeweza kumkausha mama yule kwa sentensi mbili. Alisema tu, "Ndiyo sheria yao." Akaniaga mashavuni mara tatu, akaahidi kuja uwanja wa ndege asubuhi, akaondoka. Nilimtazama kupitia kioo cha mlango. Mabega yake yalikuwa yameshuka, anatembea polepole kwa mara ya kwanza siku ile. Nikapanda, nikavuta pazia kulizuia jua, nikalala na nguo zangu.

Asubuhi alikuja amechelewa, mafuta mapya kichwani. Tulikuwa tumesimama karibu na kizuizi cha abiria. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini yeye ndiye aliyeanza kusema, na hamtaamini alichosema.

"Na zile ndagala?"

"Ziko."

"Nipe basi. Ni siku mingi."

Nikafungua mkoba, nikatoa kifuko. Harufu ilitoka, ile ya mchanga na moshi na pwani yetu asubuhi, na nikaona pua yake inapanuka. Uso wake ulibadilika kabisa, kwa kitambo kidogo akawa yule mtoto wa picha.

"Kaa chini nikupe," nikasema.

Alitazama sakafu. Ilikuwa safi kuliko meza za lopitali yetu.

"Hapa? Watu banaona."

"Hapa. Waache baone."

"Mudogo wangu, minye niko na kostimu."

"Yaya, nimetoka kwa mama na neno. Kaa chini."

Akainua mkono, kiganja mbele ya mdomo wangu, karibu kunigusa. "Usiseme," alisema. "Minye ninajua. Padri aliniandikia. Barua iko mu sanduku tangu Noeli."

Ndipo siku nzima ya jana ikanijia upya, kaunta, tramu, benchi kavu. Hakuwa ananionyesha mji. Alikuwa anakimbia akiwa ameshika mkono wangu. Na mimi, mpumbavu wa kutoka pwani, nilimfuata nikilaumu bustani.

"Unajua," nikasema, "na umenitembeza siku muzima?"

"Kwa padri ni barua tu. Weye ni damu. Ukisema weye, nitapashwa kunyoa, na nikinyoa nitapashwa kurudi kukaa pa kiti cha baba. Na kule sasa banaua batu ba tai, weye mwenyewe umesikia." Mkono ulikuwa bado mbele ya mdomo wangu. "Tena ukinyamaza, kwangu baba iko bado."

Sikatai kwamba watu wa tai, wasomi wanaofunga tai shingoni, walikuwa wakitafutwa. Walitafutwa, wengine walipatikana, na mmoja wao alikuwa mwalimu wangu wa hesabu. Lakini sakafu ile haikuwa na mwasi hata mmoja. Sikumwomba apande ndege. Nilimwomba akae, ale samaki kumi, asikie maneno mawili, anipe nywele za kujaza kijiko, ili mwanamke mmoja aamke kwenye mkeka. Hayo ya kwamba baba iko niliyasikia vizuri, na nikayadharau pamoja na mengine. Nikamwambia wewe si mtu, wewe ni suruali. Nilisema kwa Kifuliiru, lugha ya kwetu, kwa sauti, na Wazungu wote wa pale wakageuka.

Kipaza sauti kikataja Usumbura. Nilikuwa bado na nafasi ya kuyatamka yale maneno, amesimama hivyo hivyo, yamwingie masikioni apende asipende, masikio yale ya baba. Sikuyatamka. Nilijiambia ni kwa sababu hayatahesabika. Sijui kama hiyo ndiyo sababu, na sasa nina umri wa kutosha kukiri hivyo. Nikafunga kifuko cha ndagala, nikakirudisha mkobani, nikampa kisogo.

Hakurudi tena nyumbani. Nasikia siku hizi ana upara, bila msaada wa wembe.

Ndege ilipopanda nikaingia chooni, nikafungua kitambaa cha mama. Nikainama mbele ya kioo kidogo, nikanyoa nyuma ya sikio langu la kushoto, mahali pa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kazi safi, bila tone la damu. Ni nywele za baba yule yule, nilijiambia. Nikazifunga, nikavaa kilemba.

Kavimvira, kwenye kizuizi cha mpakani, palikuwa na mambo mapya. Maafisa wa forodha walikuwa hawapo, na kwenye meza yao wamekaa wapiganaji watatu waliojifunga majani kichwani, miguu mezani, kama walivyokaa waliofukuzwa, na wale waliofukuzwa walivyokuwa wamejifunza kwa Wazungu. Walijiita wakombozi. Mkombozi mkubwa alikuwa amevaa miwani ya jua isiyo na kioo upande mmoja. Alimwaga mkoba wangu wote, akaona kifuko, akafungua, akatia ndagala mdomoni moja baada ya nyingine bila kuuliza. Miezi minne zimesafiri, zikaishia hapo. Kisha akashika wembe.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya matanga. Baba."

Akaacha kutafuna. Akateremsha miguu mezani, akaukunja wembe ndani ya karatasi yake, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Pole, mama." Sikumheshimu mtu yule kwa lolote jingine, na baadaye wenzake walitupa sababu nyingi za kutomheshimu. Lakini hilo alilijua bila kupelekwa shule.

Mama alikuwa pale pale nilipomwacha, amekonda. Hakuniuliza habari za Uswisi wala za vita.

"Alikula?"

"Alikula, mama."

"Alikaa chini?"

"Alikaa."

"Alilia?"

"Sana," nikasema, na hilo ndilo lililonitoka kwa urahisi kuliko yote.

Nikampa kitambaa. Siku ya tatu, alfajiri, tulishuka pwani, mama, wadogo zangu wawili, na shangazi wawili, dada za baba, waliokuja kushuhudia kwamba kila kitu kinakwenda kwa utaratibu. Shangazi wetu ni watu wa kuona sindano kwenye mchanga. Kama lingegundulika kosa, matanga yangeanza upya, na mama angerudi kwenye mkeka mbele ya macho yao. Milio ya risasi ilisikika mbali upande wa milimani, na hakuna aliyeinua kichwa.

Mama alifungua kitambaa cha kifungua mimba kwanza, ndivyo inavyotakiwa. Alizigusa zile nywele kwa kidole. Halafu akazisogeza puani, na hapo tu ndipo nilipokumbuka kwamba mwanawe anapaka mafuta ya dukani, tangu alipokuwa kidato cha kwanza, na mama ndiye aliyekuwa akimfulia mito. Nywele zile zilinuka sabuni ya lopitali. Alizishika hapo puani kwa muda. Kisha akaziweka kwenye beseni, akaniashiria nikae mbele yake, mimi ninayefuata kwa kuzaliwa.

Nikakaa chini, kwenye mchanga uliolowa. Akanivua kilemba. Alianza kunyoa kuanzia mbele, kwa mkono wake mzito, nami nikiziona nywele zikianguka mapajani, nikihesabu jinsi wembe unavyokaribia sikio la kushoto. Shangazi walikuwa mbele yetu, hatua nne, wanatutazama. Wembe ukasimama. Nikahisi kidole gumba chake pale palipokuwa wazi, kikizunguka mpaka wake, kikipima.

Akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akapalowesha. Akapitisha wembe juu ya ngozi tupu, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, polepole, na kila mara aliupangusa kwenye kitambaa kana kwamba umebeba kitu.

"Nywele zako ni ngumu," alisema kwa sauti, ili shangazi wasikie. "Sawa na za yaya wako."

Halafu akakisukuma kichwa changu upande wa pili, akaendelea.